Mikebe Mitatu ya Maharagi, Mushaki hadi Omate

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sauti yangu ilijulikana kuliko uso wangu. Kila siku saa kumi za jioni nilikaa mbele ya mikro ya redio yetu ndogo, pale Masisi, nikasoma salamu. Mama mmoja anamsalimu mkwe wake aliyejifungua mapacha. Baba mwingine anawajulisha ndugu zake kwamba mbuzi aliyepotea amepatikana, wasiendelee kugombana. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: kicheko. Nilicheka nikifurahi, nikiogopa nilicheka zaidi, na fundi wetu wa mitambo alikuwa ameshazoea kunifungia mikro kila nilipokaribia tangazo la msiba.

Mwaka ule njia zilikuwa zimetulia kidogo, watu wakapita, na akatufikia mama mmoja kutoka Bukavu, mwandishi wa habari wa miaka mingi, aje kutufundisha ankete: namna ya kuchunguza jambo mpaka chini yake, kisha kulielezea bila kumwonea mtu. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na begi zito ambalo hakumruhusu mtu yeyote kumbebea.

Siku ya kwanza alitukalisha wote sita kwenye benchi, akafungua redio, akasema tusikilize taarifa yetu wenyewe ya habari. Kila tutakaposikia neno "inasemekana", tuinue mkono. Taarifa ilikuwa ya dakika kumi. Mkono wangu ulichoka.

"Nani anasemaka?" akauliza alipoifunga. "Ako na jina? Mulimuona? Mulimuuliza?"

Mimi nikacheka. Akanitazama juu ya miwani, akanipa daftari, akaniamuru nichore mistari miwili kila ukurasa, itoke mifereji mitatu. Wa kwanza: nimeona. Wa pili: nimeambiwa. Wa tatu: ninafikiri.

"Ukiandika kitu kwa mufereji haiko yake," akasema, "utaumiza mutu. Haya. Kila mutu atafute jambo moja yenye watu wote wanasemaka, akaangalie kama ni kweli."

Sikuhitaji kutafuta. Kwa majuma mawili nilikuwa na ujumbe wa sauti katika simu ya redio, kutoka kwa mchimbaji wa dhahabu kule Omate, mbali ndani ya Walikale. Alikuwa amekasirika, lakini hasira yake ilikuwa tamu kusikiliza. "Banamama ya Masisi wanatumaliza," alisema. "Mukebe ya maharagi yao, wanaipigaka kwa chini mpaka tumbo inaingia ndani. Unalipa mukebe, unafika nyumbani, maharagi haiwezi hata kufunika sufuria. Museme kwa redio!"

Nami nilitaka kusema kwa redio siku ileile. Nilijiona tayari: sauti nzito, muziki wa kutisha nyuma yangu, watu wamesimama barabarani kunisikiliza. Mkebe ndio kipimo chetu cha maharagi, kila nyumba inaujua, na hapa palikuwa na wizi mzima ndani ya mkebe! Sikulala vizuri kwa furaha.

Nikaamua kwenda soko la Mushaki kwa siri. Hilo halikutoka kwa mwalimu, lilitoka kwangu. Nilivaa kitenge cha jirani, nikajifunga kilemba hadi kwenye nyusi, nikajitungia hadithi kwamba mimi ni mpishi wa harusi ninayetafuta maharagi mengi. Pikipiki ikaniteremsha asubuhi, kati ya ng'ombe waliokuwa wakivushwa njia na akina mama wenye jibini za mviringo vichwani. Mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, aliuza maharagi katika soko hilohilo, kwa hiyo nikaanzia upande wa mbali nisije nikaonana naye. Nikamkaribia mama mmoja mnene, nikaukaza uso, nikasema:

"Jambo, Mama. Mukebe ni ngapi?"

Maneno matano. Hakuangalia hata uso wangu. Alipiga makofi.

"Weee! Si weye njo unasomaka salamu?"

Akawaita wenzake. Wakaja mbio. Mmoja akaniambia nimsalimie dada yake wa Nyabiondo, mwingine akataka kujua kwa nini nilikosea jina la mume wake mwaka uliopita, wa tatu alinivua kilemba kwa mikono yake auone uso wa ile sauti. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mpishi wa harusi akafa papo hapo.

Nilimsimulia mwalimu nikitarajia angenifukuza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shukuru Mungu, unajua kudanganya vibaya sana," akasema. "Kujificha, mara moja moja, inawezekana. Wakati jambo ni kubwa na hakuna mulango mwingine. Lakini ile mulango uliipiga hodi? Rudia. Sema weye ni nani. Omba."

Basi nilirudi na uso wangu wazi, na mkebe mpya usio na doa nilioununua dukani, kitako chake kimenyooka kama meza. Nikawaeleza akina mama kila kitu: malalamiko ya Omate, kazi ninayojifunza, na kwamba asiyetaka kupimwa asipimwe. Nilidhani watanipiga. Badala yake yule mama mnene alisogeza mkebe wake mbele kwa kishindo.

"Anzia kwangu! Wanatutukana bure!"

Njia ilikuwa rahisi. Nilijaza mkebe wangu maharagi, nikayasawazisha kwa kijiti, kisha nikayamimina katika mkebe wa muuzaji. Yakiingia yote, mkebe ni mzima. Yakimwagika, mkebe una jambo. Maharagi ya yule mama yaliingia yote, na soko likapiga vigelegele kana kwamba amezaa. Kuanzia hapo haikuwa ankete tena, ilikuwa sikukuu. Walipanga mstari. Waliopita salama walicheza kidogo kabla ya kurudi mezani. Wanunuzi waliacha kununua wakaja kutazama. Mtu akaleta viazi vya kuchoma. Niliandika katika mfereji wa "nimeona" mpaka kalamu ikapata moto, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini: furaha ya kuona jambo likijibu lenyewe mbele ya macho yako, bila mtu kukuambia.

Mikebe miwili tu ilimwagika. Wenyewe walikuwa akina mama wawili wazee, mmoja akasema aliununua hivyo, mwingine hakusema kitu. Niliandika walichosema na wasichosema.

Kisha nikafika kwa mama yangu mdogo. Alikuwa amekaa.

"Mama mudogo, tupime yako?"

"Yangu iko nyumbani."

"Na ile umekalia?"

"Nimekalia kiti."

Umati ulicheka. Kitenge chake kilikuwa kimefunika kitu cha duara, kifupi mno kwa kiti cha mtu mzima, na magoti yake yalikuwa karibu na kidevu. Kama angenyamaza tu ningepita. Nilikuwa nimeahidi kwamba asiyetaka asipimwe. Lakini wenzake walianza kumwimbia ainuke, ainuke, na yeye ni mtu wa fahari, akainuka. Akautupa mkebe juu ya meza.

"Pima, basi. Umekuja kupima, pima."

Nikamimina. Sikuwa nimefika hata robo ya mwisho yakaanza kumwagika, yakaruka juu ya meza, yakabingirika chini, kuku wakayakimbilia. Soko lote likanyamaza. Na katika kimya kile, kwa woga, kwa aibu, kwa ugonjwa wangu, nilicheka. Kwa sauti. Sauti ileile inayojulikana. Mama yangu mdogo, aliyeuza maharagi nikapata sare ya shule, alinitazama kwa muda, kisha akaanza kuokota maharagi yake moja moja.

Jioni hiyo, mbele ya mwalimu, nilisoma daftari langu. Nikasema mikebe mibovu ilikuwa miwili. Alimimina chai, akasogeza sukari, akasubiri. Nilifika nusu ya kikombe.

"Mitatu," nikasema. "Ule wa tatu ni wa mama yangu mdogo."

"Bon," akasema. "Sasa njo umeanza kazi."

Nilitaka aniambie ama nimfiche ama nimtoe mbele ya watu. Hakuniambia lolote kati ya hayo. "Kumuficha ni uongo," akasema. "Lakini kumuchapa kwa nguvu kuliko wengine, ili watu waseme uko mukali, ile pia ni uongo. Sehemu yake haitafanywa na weye. Itafanywa na mwenzako. Na utasema kwa mikro, wazi, kama ni mama yako. Wale wazee wawili, majina yao haisaidie mutu, uache. Alors, mikebe tatu kwa soko nzima. Ile njo inalaza Omate nzima na njaa? Yule mwenye kulalamika, ulimuona?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimesikia tu sauti yake.

Basi nilikwenda Walikale. Siku mbili za pikipiki, nimeukumbatia mkebe wangu kifuani kama mtoto mchanga, milima ikashuka, hewa ikawa nzito, migomba ikauachia msitu nafasi. Tulianguka mara nyingi na mwendeshaji aliniomba radhi kila mara kabla hatujafika chini, jambo lililonichekesha hata nikiwa na tope mdomoni. Siku ya tatu nilifika Itebero kwa miguu, na bibi mmoja aliyenikuta nimeketi juu ya gogo nikibandua ruba miguuni alinichukua kwake. Alinilisha sombe ya majani ya muhogo na nyama ya kukaushwa. Aliponisikia nikishukuru, akaacha kijiko.

"Sema tena."

"Aksanti, Mama."

"Yesu! Redio iko kwa nyumba yangu!"

Kumbe wakati wa kiangazi, mtu akipanda kilima nyuma ya kanisa, sauti yetu inafika. Wajukuu wake walikaa mlangoni wakinitazama nikila. Ni yeye aliyenionyesha mkebe wa Itebero. Nilimimina maharagi ya mkebe wangu: yalimwagika. Kitako chake hakikuwa kimepigwa hata kidogo. Ulikuwa tu mkebe mwingine, wa aina nyingine, mfupi na mwembamba kidogo. Lakini hapo pia unaitwa mkebe.

"Tangu lini mnatumia huu?" nikauliza.

"Tangu babebaji ya mizigo wanaomba pesa zaidi," akasema. "Njia ikiharibika, mukebe inakuwa mufupi. Ni kawaida."

Nikatembea tena, na watu waliokuwa wakipeleka vyakula machimboni, mpaka Omate. Mchimbaji wangu nilimpata kwa kuuliza nani ana hasira ya maharagi. Watu kumi walinielekeza kwake. Alikuwa kijana wa miraba minne, matope hadi masikioni, na alipojua nimetoka Masisi kwa ajili ya ujumbe wake alisafisha mikono kwenye suruali, akanipa mkono wake.

"Nilizani hamusikilizake," akasema.

Nikautoa mkebe wangu begani. "Huu ndio mkebe wa Mushaki. Huu hasa."

Aliushika. Akaugeuza. Akatia mkono ndani, ukaingia mpaka juu ya kifundo. Akaenda kwa mama aliyekuwa akiuza maharagi hatua chache mbele, akaomba mkebe wake, na akautumbukiza ndani ya wangu. Uliingia wote. Ulipotea. Pembeni ilibaki nafasi ya kutosha kuingiza kidole.

Yule mtu alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. "Miaka mbili!" alisema. "Miaka mbili namutukana mama ya mutu bure!"

Wenzake wakaja, kila mmoja akataka kutumbukiza mwenyewe. Nami nikacheka nao, nikasahau miguu yangu. Lakini yule mama muuzaji hakucheka, na nilikumbuka soko la Mushaki, nikanyamaza. Nikaenda kwake, nikajitambulisha, nikamuuliza kama angependa kunieleza. Nilingoja. Alihudumia watu wawili kwanza.

"Andika," akasema. "Miye sikufiche. Bei ya mukebe, watu wanaijua kwa kichwa. Nikiipandisha kidogo tu, wananikimbia wote. Lakini mubebaji anapandisha, barriere ya kulipia njiani inapandisha, mvua inapandisha. Basi bei inasimama, mukebe njo inashuka. Weye ungefanya namna gani?"

Niliandika swali lake.

Mchimbaji aliniomba jambo moja kabla sijaondoka: sauti yake isitoke redioni. Kesho bado atahitaji kula kwa mama yuleyule. Nikamwahidi maneno yake yatasomwa na mtu mwingine, na nikaunakili ujumbe wake daftarini, kisha nikaufuta mbele ya macho yake katika simu ya redio niliyokuja nayo.

Nilirudi Masisi na mikebe mitatu: wa Mushaki, wa Itebero na wa Omate, hii miwili niliwaomba wenyewe wakanipa. Niliiweka mezani kwa mwalimu, mmoja ndani ya mwingine, kisha nikaitoa mmoja mmoja kama mtu anayefanya mazingaombwe. Kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, mpaka uzi wa miwani ukakatika.

Tukaandika kwa siku nne. Nilikuwa na haraka ya kusema kosa ni la barabara tu, hakuna mtu mbaya, sote tufurahi. Akanirudisha.

"Ile iko kwa mufereji wa tatu, 'ninafikiri'," akasema. "Ueleze, ni kazi yako kueleza. Lakini mama yako mudogo, mukebe yake haikupigwa na barabara."

Mwenzangu wa kipindi cha michezo ndiye aliyekwenda kumhoji. Ni mtu aliyezoea kupiga kelele za magoli, tukamwomba apunguze. Nilisikiliza kupitia mlango wa studio asubuhi ya kurusha kipindi. Kabla ya sehemu hiyo nilisema mwenyewe, hewani: mtu mtakayemsikia sasa ni mama yangu mdogo, ndiyo maana si mimi niliyemuuliza. Kisha nikaondoka mbele ya mikro.

"Mama," akasema mwenzangu kwa upole wa ajabu, "mukebe yako iko na tumbo ndani. Unasema nini?"

Kisha sauti yake ikaja, wazi, kama anaongea sokoni.

"Nilipiga miye mwenyewe. Na mutwangio. Nitasema kwa nini. Munakujaka kununua, mukebe inajaa, munasema: ongeza. Naongeza. Ongeza tena, Mama, weka kilima! Kilima ile hamulipake. Munapenda kilima kwa juu, basi nami nikatia kilima ingine kwa chini. Tuko sawasawa. Lakini ni vibaya. Muninyooshee kijiti, tusawazishe juu, na miye nitaleta mukebe mupya."

Fundi wa mitambo aliinama juu ya meza yake, anafuta macho. Mwalimu alikuwa akipiga paja lake. Simu ya redio ilianza kuita kabla kipindi hakijaisha na haikunyamaza mpaka jua likawa juu kabisa. Wanunuzi wa Mushaki walikuwa na hasira kwamba kilima chao kimefichuliwa. Mtu wa Walikale alisema sasa anajua amtukane nani, kisha akafikiri akasema hapana, hajui tena. Akina mama wa soko walikaa wakakubaliana juu ya kijiti: mkebe unasawazishwa juu, na kitako kinaonyeshwa kwa mnunuzi kabla ya kujazwa. Wanunuzi walinung'unika majuma mawili, wakazoea.

Mama yangu mdogo walianza kumwita mama wa vilima viwili. Akipita njiani waendesha pikipiki wanampigia honi, naye anapunga mkono kama gavana. Lakini mimi hakuja kunitembelea. Nikaenda mwenyewe, siku ya Jumapili baada ya misa, nikamkuta akichambua maharagi uani. Nikapiga magoti, nikachambua naye muda mrefu.

"Sikukasirika juu ya redio," akasema hatimaye. "Redio ilinipa nafasi, nikasema yangu. Nilikasirika juu ya ile kicheko."

"Nisamehe, Mama mudogo. Niliogopa."

"Najua. Tangu uko mudogo unachekaka ukiogopa. Kwa maziko ya baba yako ulicheka." Akatupa maharagi mabovu kwa kuku. "Lakini ile watu haijue. Siku ingine, ukisikia kicheko inakuja, uma ulimi."

Nikajaribu kuuma ulimi papo hapo, nikashindwa, tukacheka wote wawili mpaka ungo ukapinduka.

Juma lililofuata ikaja barua kutoka Itebero, imepita mikono mingi, imekunjwa hadi kuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Ilikuwa ya yule bibi aliyenilaza. Alikuwa amepanda kilima nyuma ya kanisa kutusikiliza. Kipindi kilikuwa kizuri, aliandika kwa mkono wa katekista, lakini nimesema hewani kwamba ana wajukuu tisa. Ana kumi na mmoja. Wale wawili niliowaacha wamelia siku nzima, na wanauliza wamekosea nini.

Nikachukua daftari, nikatazama. Ilikuwa kweli: nilihesabu waliokaa mlangoni, sikumuuliza mwenyewe. Mwalimu alikuwa akipanga vitu vyake kurudi Bukavu. Nikamwonyesha barua, nikadhani huo ndio mwisho wangu katika kazi hii.

"Masahihisho yako ya kwanza," akasema, akanibusu shavu. "Nenda usome. Polepole, na bila visingizio."

Saa kumi jioni, kabla ya salamu zote, nilifungua mikro. Nikasema nilikosea, nikasema nilivyokosea, nikasema wajukuu ni kumi na mmoja. Nikawasalimu wale wawili peke yao, mmoja mmoja, kwa majina yao yote ya ukoo na ya ubatizo, kama katekista alivyoyaandika. Kifua changu kilikuwa kimejaa furaha hata nikahisi nitapasuka: huko mbali, ndani ya msitu, mtu alikuwa amesikiliza kila neno langu na kuona lipi si kweli. Fundi alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe, tayari kunifunga. Hakukibonyeza.